Sura ya Tano: Mita Haipigi Simu

Simu iliingia saa kumi na mbili na robo jioni, shangazi yangu akiwa ameinama jikoni anageuza makande. Anakaa Myamba, upande wa mashariki wa milima ya Upare, ambako saa hiyo jua limeshajificha nyuma ya mlima na taa ya barazani imeshawashwa. Namba ilikuwa ngeni. Alipokea kwa mkono wa kushoto, mwiko ukiwa mkono wa kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Kijana akamtaja shangazi kwa majina yake yote matatu, akauliza kama ndiye.

"Ndiye mimi."

"Pole na majukumu, mama yangu. Unaongea na kijana wako wa shirika la umeme, kitengo cha madeni, hapa Same. Mama, mita yako inasoma deni kwenye mfumo tangu mwaka juzi. Kesho saa mbili asubuhi mafundi wanapanda huko kuja kuing'oa."

"Deni la nini, mwanangu, na mimi nanunua LUKU?"

"Ndiyo maana nimekupigia mimi mwenyewe, mama. Nimeona ni mtu mzima, nikasema nisimwache mama yangu aumbuke mbele ya majirani. Jumla ni laki na ishirini. Ukilipa nusu sasa hivi, nakufutia iliyobaki. Ila usikate simu, mama, mfumo utajifunga."

Hakukata. Alizima moto, akatuma shilingi elfu sitini aliyokuwa ameiweka pembeni kutoka kwenye mauzo ya tangawizi, na kijana akamshukuru kwa heshima zote, akamtakia usiku mwema. Asubuhi hakuna fundi aliyepanda. Shangazi akaona amesalimika. Alikaa hivyo wiki tatu, mpaka jirani yake aliposimulia simu ya aina ile ile, na yeye akakaa kimya akisikiliza maneno aliyoyajua neno kwa neno.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu wengi wa waliopatwa na jambo hili hawasemi kabisa. Na naanza na simu yake kwa sababu kila kilichomo ndani yake kiliwekwa kwa makusudi, hata ile shikamoo.

Tuanze na hiyo. Kwetu mtu aliyekuamkia kwa adabu huwezi kumkatia simu. Umeshaitikia marahaba, umeshakuwa mzazi wake, na mzazi humsikiliza mtoto mpaka amalize. Tapeli huanza kwa kukuweka kwenye kiti cha heshima ili uone aibu kuinuka. Baada ya hapo huleta hofu ya giza, kisha aibu ya kuumbuka mbele ya majirani, kisha wema: nakusaidia, nakupunguzia, nakufutia. Mwisho huleta haraka. Nimewahoji watu kadhaa Same mjini, Makanya na Hedaru, na kila aliyepigiwa alikumbuka sentensi moja karibu bila kubadilika: usikate simu. Hiyo ndiyo nguzo ya kazi yote. Mtu akikata simu atapumua, atamuuliza mwanawe, atatoka barazani kuangalia mita, na hapo uongo hauna pa kusimama.

Swali lililomuumiza shangazi kuliko hela yenyewe lilikuwa hili: alijuaje jina langu? Na la baba, na la babu? Aliamini ni mtu wa ofisini kwa sababu hiyo tu. Basi na nieleze vizuri. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa kitambulisho cha taifa zilianza kufungwa. Tangu hapo karibu kila namba ya simu imefungamana na jina kamili la mtu. Ukitaka kumtumia mtu pesa, ukaandika namba yake, jina lake hukutokea kabla hujathibitisha, ili usikosee. Ni kinga nzuri. Lakini tapeli naye anaweza kuandika namba yoyote, akasoma jina linalotokea, akafuta, kisha akakupigia. Haimgharimu kitu. Kwa hiyo mtu kukutaja kwa majina matatu haithibitishi kwamba anatoka ofisi yoyote. Inathibitisha tu kwamba ana simu kama yako.

Na kinga hiyo hiyo ilijaribu kumwokoa shangazi. Alipoandika namba aliyopewa, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akashtuka, akamwambia kijana. Kijana akajibu bila kusita: "Huyo ndiye mhasibu wetu, mama." Nadhani kama kuna sekunde moja katika habari hii ambayo ningependa kuirudisha nyuma nimshike shangazi mkono, ni hiyo. Taasisi ya umma haipokei deni kwenye laini ya mtu binafsi, awe mhasibu, awe meneja. Jina la mtu likitokea pale ulipotegemea jina la taasisi, rudi nyuma, usithibitishe.

Kitu kingine: kijana alimwomba shangazi amsomee namba ya mita "tuhakiki". Mita ya LUKU ina namba ya tarakimu 11, na kila deni, kama lipo, limeandikwa kwenye namba hiyo. Anayedai kuliona deni lako kwenye mfumo ameshaiona na namba. Kwa nini akuombe wewe?

Nimegundua kwamba watu wengi hutapeliwa kwa sababu hakuna aliyewaeleza jinsi LUKU inavyofanya kazi, na si kosa lao. Tuligawiwa mita, tukaonyeshwa pa kubonyeza, basi. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na maneno hayo yana maana yake: unalipa kwanza, unatumia baadaye. Ukinunua, unapata tarakimu 20, yaani tokeni. Ndani ya tarakimu hizo kuna ujumbe uliofungwa kwa siri, ambao mita yako peke yake ndiyo inayoweza kuufungua, unaoiambia iongeze uniti kadhaa. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako. Mita ya kawaida ya vijijini haina habari na simu yako, wala haijui umelipa kodi au hujalipa. Uniti zikiisha, inakata. Ukiingiza tokeni, inawasha. Kwa mteja wa LUKU, ile simulizi ya bili iliyolimbikizwa kwa kutumia umeme bila kulipa haina mahali pa kuanzia.

Hapa sharti niwe mkweli, kwa sababu matapeli hupenda kujificha kwenye ukweli nusu. Yapo makato halali yanayopita kwenye LUKU. Kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa humo, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Usiponunua umeme miezi mitatu, utakuta ya miezi mitatu imekusubiri. Na deni la kweli linaweza kuwekwa kwenye akaunti yako likakatwa kidogo kidogo. Lakini yote hayo hukatwa pale pale unaponunua, na huandikwa kwenye ujumbe unaoletewa pamoja na tokeni: bei ya umeme, asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, kodi, na deni lililokatwa kama lipo. Usome ujumbe ule wote hata siku moja, usiruke moja kwa moja kwenye zile tarakimu 20. Hakuna sababu ya mtu kukupigia jioni akuombe utume kwa mkono kile ambacho mfumo unajua kukikata wenyewe.

Kuna msimu mmoja ambao ulinitia wasiwasi mkubwa, nao ni mwaka 2024. Mita za aina hii duniani kote huhesabu muda kwa dakika kuanzia Januari 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa na kikomo: dakika milioni 16 na laki saba na ushee, ambazo zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya siku hiyo isingekubali tena tokeni mpya. Ikabidi shirika la umeme, TANESCO, liwatangazie wateja waboreshe mita zao: uliponunua umeme ulipata makundi matatu ya tarakimu 20, ukaingiza la kwanza, la pili, kisha la tatu lenye uniti zako. Zoezi lilikuwa bure. Lilikuwa jambo la kweli kabisa, lenye tarehe ya mwisho ya kweli. Lakini fikiria bibi wa Vudee au Chome anayeletewa tarakimu 60 siku moja bila mtu wa kumsaidia kuzibonyeza. Mtu yeyote angempigia siku hiyo akajitambulisha kuwa fundi, angesikilizwa. Mabadiliko ya kweli ndiyo mlango ambao uongo hupenda kupitia: mita mpya, bei mpya, kodi mpya, bomba jipya. Kila likitangazwa jambo la aina hiyo redioni, ongezeni uangalifu kwa mwezi mzima.

Bomba jipya nimelitaja kwa makusudi, kwa kuwa Same maji ni habari nyingine. Mji umekaa kwenye ukavu, mlima ukiwa umeuzuilia mvua. Wazee wetu wa milimani walichimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu, na kila mtu alimjua anayefungua na alijua zamu yake ni lini. Tambarare walisubiri. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, ulichukua zaidi ya miaka kumi tangu kuanza mpaka Rais Samia alipouzindua Machi 2025. Mtu aliyesubiri maji muda wote huo, akabeba ndoo na kununua madumu, ukimwambia leo kwamba kesho wanamkatia, hatakuuliza maswali mengi.

Na maji ni magumu zaidi kwa sababu bili yake mara nyingi huja baada ya kutumia. Deni linaweza kuwepo kweli. Kukatiwa kunaweza kuwepo kweli. Hapa huwezi kujitetea kwa kusema mfumo hauna deni. Unajitetea kwa njia ya malipo. Bili halali ya mamlaka ya maji inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, yenye tarakimu 12, kupitia menyu ya malipo ya serikali kwenye simu, au benki, au kwa wakala. Fedha inakwenda kwenye akaunti ya taasisi. Kama bomba lako ni la jumuiya ya watumia maji ya kijiji, unamfahamu mweka hazina kwa sura na kwa ukoo wake, mfuate. Na ukitaka kuunganishiwa maji au umeme, usimpe hela mtu aliyekuja na koleo na ahadi. Hao tunawaita vishoka, na jina linawafaa: hukata walipofika, kisha hawaonekani. Fundi wa kweli ana kitambulisho, na hachukii ukikiomba wala ukimpeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Wanaodhani balaa hili ni la washamba wa milimani, wajue kwamba Marekani kampuni za umeme, gesi na maji ziliunda umoja wao mwaka 2016 kwa kazi hii moja tu, ya kupambana na watu wanaowapigia wateja simu wakitishia kukata huduma ndani ya nusu saa. Kule huwaambia walipe kwa kadi za zawadi za madukani. Huku ni laini ya simu. Maneno ni yale yale, na wanaotapeliwa wamo wenye maduka na wenye digrii. Mimi mwenyewe sioni kwamba shangazi alifanya ujinga. Alifanya alichofundishwa maisha yake yote: kumjibu anayemwamkia, kulipa anachodaiwa, kutosubiri mpaka aaibike. Tapeli alichukua sifa zake njema akazigeuza ngazi ya kupandia.

Ndiyo maana nataka kukumbusha sifa nyingine ya Wapare, ambayo shangazi anayo pia, ila jioni ile hakupewa nafasi ya kuitumia. Katika miaka ya 1940 serikali ya mkoloni ilileta Upare kodi iliyopandishwa kwa kadiri ya mali ya mtu, wakaiita mbiru. Watu hawakugoma kulipa kodi. Kodi ya kichwa walikuwa wakilipa. Walichokataa ni tathmini ambayo hawakuelewa imefikiwaje, iliyofanywa na watu ambao hawakuweza kuulizwa. Mwaka 1945 wakashuka kutoka milimani kwa maelfu mpaka Same, makao ya wilaya, wakakaa. Waliondoka kwa zamu, wengine wakaja, miezi kwa miezi. Wanawake nao wa Usangi walijitokeza kuwadai wakubwa wamalize shauri hilo. Hatimaye mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, ameandika habari hiyo kwa kirefu.

Tuna haki hiyo hiyo mbele ya simu. Kusema "nionyeshe hesabu" si utovu wa adabu. Wala kusema "nitakuja mwenyewe ofisini" si kumdharau kijana. Kama ni mfanyakazi wa kweli atafurahi; kama si wa kweli, atakasirika au atakata, na utakuwa umepata jibu lako.

Sasa jinsi ya kufanya. Simu ikiingia, akitaja deni, sema "ahsante mwanangu, nitafuatilia", kisha kata. Usimwombe ruhusa. Baada ya hapo wewe ndiwe unayepiga, kwa namba uliyokuwa nayo kabla yeye hajakupigia. TANESCO ni 180, bure. Ya mamlaka ya maji imo kwenye bili yako ya zamani. Usipige namba aliyokupa yeye, wala ile iliyotokea kwenye kioo chako, kwa kuwa ukiipiga hiyo utampata mwenzake amekaa pembeni yake akijibu kama ofisi. Namba ya siri ya pesa haitajwi kwa mtu yeyote, na hakuna mfanyakazi wa mtandao, benki au shirika anayeihitaji ili kukusaidia. Ukiambiwa ubonyeze nyota, tarakimu na reli huku umeshika simu sikioni, usibonyeze. Baadhi ya misimbo hiyo huhamisha simu zako ziende kwake.

Namba ya tapeli peleka 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wameiweka kwa kazi hiyo. Unatuma ujumbe wa kitapeli pale, na ukiombwa namba iliyokusumbua unaiandika. Inachukua dakika moja, na ndiyo njia ya kuwafungia laini. Kisha bonyeza *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe, maana laini ile yenye jina la mwanamke aliyoiona shangazi huenda ni ya mama mwingine asiye na habari, aliyeombwa dole gumba mara mbili na msajili wa laini aliyemwambia mashine imegoma.

Na kama umeshatuma? Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, uombe muamala uzuiwe kabla hajatoa pesa. Usifute ujumbe wowote. Nenda polisi na ujumbe huo ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, hata kama kiasi ni kidogo. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Huenda pesa isirudi, na sitaki kumdanganya mtu. Mara nyingi inakuwa imeshatolewa kwa wakala wa mkoa mwingine kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini taarifa yako ikikutana na ya jirani na ya mtu wa Hedaru, namba ile inakuwa na historia.

Kinachowalinda zaidi matapeli hawa ni ukimya wetu. Shangazi alinyamaza wiki tatu kwa kuogopa watoto wake wa Dar es Salaam waseme mama amezeeka, tumchukulie simu. Katika wiki tatu hizo jirani yake alipigiwa. Tumekubaliana kwenye ukoo wetu kwamba anayeulizwa na mzazi kuhusu simu ya ajabu hacheki wala hasemi "kwani hujui?". Anajibu, hata kama yuko kazini, hata kama ameulizwa mara ya nne. Na mzazi akisema ametuma, neno la kwanza ni pole.

Miezi miwili baadaye nilipanda Myamba. Juu ya mita, ukutani, shangazi alikuwa ameandika kwa mkaa tarakimu tatu kubwa, 180, na chini yake 15040. Jioni tukiwa tunakula simu yake ikalia, namba ngeni. Akaniangalia, akapokea, akaitikia marahaba. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa nayo siku ya kwanza:

"Mita yangu ni namba ngapi, mwanangu?"

Upande wa pili ukawa kimya. Akaweka simu mezani, akanisogezea bakuli la makande.